Lubumbashi: Kabla ya kununua ampli na bafle, tazama umeme

Katika maduka ya Lubumbashi, anayetafuta vyombo vya sinema ya nyumbani huvutiwa kwanza na wati zilizoandikwa kwenye karatoni. Lakini kinachoamua kama vyombo hivyo vitadumu ni umeme.

Mfumo wa 5.1 una bafle tano na moja ya besi, zote zikipata sauti kutoka kwa risiva, yaani ampli yenye kupokea picha na sauti. Risiva haivumilii umeme wa kupanda na kushuka. Delestaji ya SNEL imezoeleka mitaani, na hatari kubwa ni pale umeme unaporudi kwa nguvu. Chombo cha Marekani cha volti 110 nacho huungua kwenye 220 kisipowekewa transfoma.

Tatizo lina mizizi. Laini ya Inga–Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982, ilijengwa hasa kwa ajili ya migodi. Hadi leo migodi na nyumba zinagombania umeme uleule.

Waya pia. Shaba ya Katanga huvuka mpaka wa Kasumbalesa, kisha raia huuziwa waya wa kutoka nje, mwingine ukiwa alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, si shaba tupu.

Kwa mwenye pesa kidogo, bafle mbili nzuri, ampli ya kadiri na stabilizateri ni bora kuliko bafle sita bila kinga. Hivyo gharama ya umeme mbaya inabebwa na mnunuzi.