Barua za Kampuni Yenu Humfikia Nani?



Siku hizi wakulima wengi wa mashamba ya makazi hawauzi tena mazao yao kila mtu peke yake. Watu watano au kumi hujiunga pamoja, wakaandikisha kampuni ndogo ya kupoza maziwa, au ya kuuza viazi, au ya kukodisha trekta. Hilo ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini leo twataka kuwauliza swali moja: barua ya Serikali ikiandikiwa kampuni yenu, itafika mikononi mwa nani?

Ikiwa jibu lako ni, "Mimi sijui, mambo hayo yako kwa yule kijana wa mjini," basi maneno haya ni yako. Yasome mpaka mwisho, kisha uwasomee wenzako.

Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 yasema kwamba kila kampuni lazima iwe na afisi iliyoandikishwa humu Kenya, ambayo barua zote zaweza kupelekwa. Hata kampuni ya kigeni inayofanya kazi hapa nchini lazima iwe na mwakilishi wake humu humu. Sababu yake ni rahisi. Kampuni haina macho wala masikio. Haiwezi kuitwa barazani wala kukutwa njiani ikienda sokoni. Anayetaka kuiambia neno, awe Msajili wa Kampuni, au mahakama, au mtu anayeidai, hubisha kwenye anwani ile iliyoandikwa. Anwani hiyo ndiyo mlango wa kampuni, na mtu anayezipokea barua ndiye bawabu wake.

Sheria hiyo hiyo yasema kwamba kampuni ya watu binafsi ambayo mtaji wake uliolipwa haujafika shilingi 5,000,000 hailazimishwi kuwa na katibu mwenye cheti. Kampuni nyingi za wakulima ziko chini ya kiasi hicho. Watu walifurahi kusikia hivyo, kwa kuwa katibu ni mtu wa kulipwa. Lakini fahamuni vizuri: sheria iliondoa mshahara wa katibu, haikuondoa kazi yake. Kazi ile imewaangukia wakurugenzi, nao ndio ninyi wenyewe.

Sasa yanayotendeka mara nyingi ni haya. Wakulima huenda kwenye duka la saiberi mjini, au kwa mtu anayejua mambo ya hesabu, wakamwomba awaandikishie kampuni katika eCitizen. Anapoulizwa namba ya simu, huandika yake. Anapoulizwa barua pepe, huandika yake. Sanduku la posta pia ni lake. Cheti hutoka, kikatiwa kioo na kutundikwa ukutani, na kila mtu akarudi shambani kwa furaha. Baada ya miaka miwili kijana amehamia Nairobi na namba ya simu ameibadili. Sanduku lile la posta halikulipiwa, likafungwa. Kampuni imebaki na mlango usiofunguliwa na mtu.

Wengine husema, "Na iwe hivyo. Sisi twauza maziwa, hatuuzi barua." Hatukubaliani nao, kwa sababu hasara inayoweza kuwapata si ndogo.

Kwanza ni kodi. Hata kampuni isiyopata faida yapaswa kupeleka taarifa yake ya mwaka kwa Mamlaka ya Mapato, yaani KRA. Kampuni ikichelewa hutozwa shilingi 20,000, au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Onyo hutumwa kwa barua pepe iliyoandikishwa. Kama barua pepe hiyo ni ya mtu aliyekwisha ondoka, ninyi mtasikia habari deni likiwa limelala miaka mitatu.

Pili ni mahakama. Mtu akiishtaki kampuni yenu, karatasi za kesi hupelekewa mkurugenzi, au katibu, au afisa mkuu. Wasipopatikana, zaweza kuachwa kwenye afisi iliyoandikishwa au kutumwa kwa posta kwa anwani ile. Usipojibu kwa wakati, hukumu yaweza kutolewa nawe hupo. Wapo madalali wanaofika kukamata mtambo wa maziwa, na wenye mtambo hawajui hata kama palikuwa na kesi.

Tatu ndilo kubwa kuliko yote. Msajili akidhani kampuni imekufa, huiandikia barua kuuliza kama bado inafanya kazi. Asipojibiwa, aweza kutangaza katika Gazeti la Serikali, na mwisho akafuta jina la kampuni katika daftari lake. Kampuni iliyofutwa mali yake huhesabiwa kuwa ya Serikali, kama mali isiyo na mwenyewe. Fikirini jambo hili: lori, mtambo, hata kipande cha ardhi kilichoandikwa kwa jina la kampuni, vyaweza kupotea kwa sababu ya barua moja iliyokosa mtu wa kuifungua. Ziko njia za kuomba kampuni irudishwe, lakini zina gharama na safari nyingi.

Wazee wetu walioingia katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, waliitunza kila risiti ya mkopo wa shamba, maana walijua kwamba deni lisipoisha hati haitoki. Itakuwa aibu kama sisi watoto na wajukuu wao tutapoteza mali kwa kutojali karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatusemi kwamba msimwajiri mtu wa mjini. Mwajirini, kama kazi yake ni nzuri, na mmlipe. Tunasema kwamba mchungaji hupewa ng'ombe awachunge, hapewi awaandike kwa jina lake. Simu, barua pepe na sanduku la posta viwe vya kampuni, na neno la siri lijulikane na wakurugenzi wawili kwa uchache.

Je, achaguliwe mtu wa namna gani kupokea barua? Kwa maoni yetu, awe mkurugenzi, au mwanachama anayekaa karibu, anayehudhuria mikutano, na anayefungua barua siku ile ile inapofika. Si lazima awe msomi mkubwa. Mara nyingi yule mama anayeandika vitabu vya maziwa kila asubuhi bila kukosa siku ndiye afaaye kuliko mzee mwenye jina kubwa ambaye haonekani. Msimwache kwa sababu ni mwanamke.

Ikiwa mtu mliye naye hafai tena, au amehama, au amechoka, mbadilisheni. Hapa ndipo watu wengi huona haya. Husema, "Huyu ni mtoto wa jirani, tukimwondoa atadhani tumemwita mwizi." La. Kumbadilisha mtu si kumshtaki. Mwambieni asante mbele ya mkutano, na jambo liishe kwa heshima. Lakini lifuateni kwa utaratibu huu.

Kwanza, itisheni mkutano, mkate shauri, na shauri hilo liandikwe na kutiwa sahihi. Pili, kabla mtu wa zamani hajaondoka, apokeeni kutoka kwake cheti cha kampuni, karatasi za PIN, vitabu vya mikutano na maneno yote ya siri. Msimfukuze kwanza ndipo mkaanza kumtafuta. Tatu, mpelekeeni Msajili habari kwa njia ya eCitizen. Asiyejua kompyuta na aende Huduma Centre, aonyeshwe. Mkurugenzi akiingia au akitoka, habari hiyo yapaswa kufika kwa Msajili katika siku 14. Na anwani mpya ya afisi haina nguvu mpaka iandikwe na Msajili. Mnaweza kupiga makofi mkutanoni mpaka mikono iume, lakini katika daftari mlango wenu ungali ule wa zamani. Nne, waambieni pia KRA, benki, afisi ya kaunti, na wote wanaonunua mazao yenu.

Mkimaliza, ombeni hati iitwayo CR12. Hiyo huonyesha majina ya wakurugenzi na anwani ya kampuni kama yalivyo katika daftari la Msajili. Isomeni wenyewe kwa macho yenu. Msikubali kuambiwa tu kwamba mambo yamekwisha.

Nanyi ambao hamna kampuni, bali mna jina la biashara tu, au kikundi kilichoandikishwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, msidhani mmepona. Sheria zenu ni nyingine, lakini ninyi pia mna anwani na majina yaliyoandikwa mahali, na mabadiliko yake yapaswa kupelekwa huko.

Shauri letu kwa kila kampuni ya wakulima ni hili: mwanzoni mwa kila mkutano wa mwaka, kabla ya hesabu za maziwa na viazi, mwenyekiti asimame asome kwa sauti anwani ya kampuni, namba ya simu iliyoandikishwa, na jina la mtu anayepokea barua. Kisha mtu mmoja aipige simu hiyo pale pale. Ikilia mfukoni mwa mtu aliye mkutanoni, endeleeni na kazi. Ikiwa kimya, acheni mengine yote mkatengeneze jambo hilo kwanza.