Kabla ya kulipia ploti ya ziwani, ngoja mvua inyeshe

Mke wangu ndiye aliyekataa. Tulionyeshwa ploti upande wa Dunga, Kisumu, mwezi wa Januari. Ardhi kavu, upepo mzuri wa ziwa, watoto wanakimbizana. Mimi nilishaanza kuhesabu pesa za malipo ya kwanza. Akaniambia, "Baba watoto, tutarudi Aprili."

Tukarudi Aprili, mvua imeshika. Gari tuliliacha barabarani, tukatembea kwenye tope. Mama mmoja anayeuza samaki akatuonyesha ukuta wa jirani: maji ya ziwa yalifika hapa 2020, magotini.

Mzazi mwenzangu, mwaka huo Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango kama kile cha 1964, ambacho wazee bado wanakikumbuka. Na maji ya ziwa si kama ya mto, yaje usiku na kuondoka asubuhi. Hukaa miezi. Choo cha shimo kinajaa, kisima kinachanganyika nacho, na watoto wanacheza humo humo. Kipindupindu na kichocho havimuulizi mtu kama amemaliza kulipa mkopo.

Kwa hivyo usimuulize dalali maji hufika wapi. Waulize wauza samaki, mwendesha boda, bibi aliyezeekea pale.

Halafu karatasi. Huku kwetu hati nyingi bado ziko kwa jina la babu aliyefariki zamani, na wajukuu ndio wanaouza. Muuzaji anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa na bado hana mamlaka ya kuuza, mpaka mahakama imthibitishe kuwa msimamizi wa mirathi. Nenda ofisi ya usajili wa ardhi uone jina lililoandikwa. Kama ni shamba la kilimo, lazima bodi ya ardhi itoe idhini, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Kama muuzaji ana mke, naye akubali kwa maandishi. (Wanaume tunapenda kusema "mke wangu hana neno." Mlete aseme mwenyewe.)

Sisi tulinunua juu, upande wa Riat. Ziwa tunaliona lote kutoka mlangoni, na maji ya kupikia tunanunua kwa mitungi. Mama watoto hucheka kila mara punda wa maji anapopanda kilima.