Hedifoni za Shingoni Zimeua Ngoma ya Katumba

Wadau, kuna picha inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mpanda. Prodyuza mmoja, jina kapuni, kakaa studio kwake. Taa za bluu na zambarau ukutani, laptopu mbili mezani, na shingoni kaning'iniza hedifoni kubwa nyekundu zisizo na waya. Chini ya picha kajiandikia kwamba yeye ndiye mkombozi wa muziki wa Katavi. Like kibao, emoji za moto kibao.

Sawa. Sasa nendeni Katumba mkaiulize kwaya moja, nayo jina kapuni, huyo mkombozi kawakomboa vipi.

Kwaya ile ilichanga msimu mzima. Mwenye mahindi alitoa debe, mwenye karanga alitoa karanga, vijana walienda kubeba mizigo mjini. Mkwanja ukatimia, nyimbo nane zikarekodiwa. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi kashafika, sare mpya zimenyooshwa, kanisa limejaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Fundi mitambo akabonyeza.

Ngoma haipo!

Yaani ipo, lakini kwa mbali, kama mtu anagonga sufuria jikoni kwa jirani. Na hiyo ni Katumba, jamani. Makazi yaliyoanza na wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, watu ambao leo wengi wao na wajukuu zao ni raia wa Tanzania, na kwao ngoma ndiyo uti wa mgongo wa wimbo. Wazee waliangaliana. Mgeni rasmi alipiga makofi ya heshima. Watu wakala pilau wakaondoka mapema.

Kwaya ikarudi kwa mkombozi kuomba arekebishe. Jibu lake? Eti laptopu ililiwa na virusi, mafaili yote yamepotea, warekodi upya kwa bei ileile. Tatizo ni kwamba mama mmoja mzee, aliyeimba ubeti wa Kirundi kwenye wimbo wa tatu, alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Huyo unamrekodi vipi upya?

Wanaomtetea huko mitandaoni wanasema ni bahati mbaya. Si bahati mbaya hata kidogo. Ngoma ilipotea kwa sababu ya hedifoni, na mafaili yalipotea kwa sababu ya programu. Vyote viwili alivichagua mwenyewe, kwa akili zake timamu, na vyote alivichagua kwa ajili ya picha.

Tuanze na zile nyekundu za shingoni. Hedifoni za fasheni nyingi zimetengenezwa zimfurahishe msikilizaji, kwa hiyo zinaongeza besi. Ukiwa kwenye basi la Tabora, raha tupu. Ukizivaa kumiksi, zinakudanganya. Unasikia ngoma inatikisa kichwa, unaona imezidi, unaishusha. Bado inatikisa, unaishusha tena. Kumbe unayemshusha ni hedifoni, siyo ngoma. Wimbo ukienda kwenye spika za kanisa ambazo hazina huo utapeli, ngoma inabaki mifupa. Hicho ndicho kilichotokea Katumba, wala hakuna mchawi.

Halafu hazina waya. Sauti ikipita kwenye Bluetooth inachelewa, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100. Kwa kusikiliza huwezi kujali. Kwa kurekodi ni msiba: mwimbaji anasikia biti iliyochelewa, naye anaimba kwa kuchelewa, mwisho wa siku anaambiwa hajui kukaa kwenye biti. Waimbaji wangapi wa mikoani wameambiwa hawana kipaji wakati kosa lilikuwa waya wa shilingi elfu chache?

Na msidanganywe kwamba hedifoni za kazi ni lazima ziwe za kisasa. Sony MDR-7506 zipo sokoni tangu 1991, muonekano wake wa kizamani, waya wake umejikunja kama wa simu ya mezani, na mpaka leo studio kubwa duniani zinazitumia. Hazikupigi picha nzuri, zinakuambia ukweli. Kama mfuko hauruhusu, zipo za bei ya chini zaidi kama Audio-Technica ATH-M20x. Muhimu ziwe na waya, na zifunike sikio lote ili biti isivuje ikaingia kwenye maiki. Angalia na namba ya ohm kwenye boksi. Beyerdynamic DT 770 Pro zinauzwa za 32, za 80 na za 250. Ukichukua za 250 ukachomeka kwenye simu au laptopu ya kawaida, sauti inatoka kama imefunikwa blanketi, halafu unakuja kulalamika umeuziwa feki. Na feki zipo nyingi kweli, kwa hiyo bei ikiwa ya kuchekesha, cheka uondoke.

Sasa programu. Hapa ndipo mkombozi anapochekesha zaidi. Kila wiki anaposti kwamba wizi wa kazi za wasanii ukome, anaitaja na COSOTA. Wakati huohuo kompyuta yake nzima ni mali ya wizi. FL Studio ya kukraki, plagini mia za kukraki, zote kazipakua kwenye tovuti zinazofungua matangazo ya kamari. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 anayoililia kwa ajili ya nyimbo zake inalinda na programu za kompyuta. Huwezi kuwa mwizi asubuhi, jioni ukawa mwathirika wa wizi.

Tena hao wanaokraki programu na kuzigawa bure hawakufanyii hisani. Ili ifunguke unaambiwa uzime kinga ya virusi, nawe unaizima. Umemfungulia mgeni mlango usiku halafu asubuhi unashangaa televisheni haipo. Kwaya ilipoteza sauti ya mama yule mlangoni hapo.

Najua utetezi: "Hali ngumu bwana, dola tutatoa wapi?" Huo ungekuwa na maana kama pasingekuwa na njia nyingine. Audacity ni ya bure tangu 2000. BandLab ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye simu. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu bila kukunyima kitu, na leseni yake ya mtu mwenye kipato kidogo ni dola 60. Faili lake la kupakua ni dogo, halimalizi bando. FL Studio yenyewe ina toleo la majaribio: unatengeneza na kutoa wimbo uliokamilika, ila mradi uliohifadhi huwezi kuufungua tena mpaka ulipie. Ukishalipia, masasisho ni bure maisha yako yote. Prodyuza anayetoza kwaya nyimbo nane hawezi kusema dola 60 ni ndoto, wakati shingoni kavaa zaidi ya hizo.

Na wale wajuaji wa Dar wanaosema bila Mac na programu ya gharama huwezi kutoboa, nao wapumzike. Singeli ilitoka uswahilini kwenye kompyuta za kawaida kabisa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, kazi za studio ya mtaani hapohapo Dar, na Ulaya wakaicheza. Hakuna aliyeuliza laptopu ilikuwa ya rangi gani.

Katumba kwenyewe yupo dogo mmoja ambaye mjini wanamcheka. Studio yake ni chumba cha bati, mvua ikinyesha kazi inasimama. Ukutani kaning'iniza mablanketi. Ana laptopu moja ya zamani, Reaper tu, na hedifoni za waya zilizofungwa nailoni kwenye mkanda. Akimaliza kumiksi haposti. Anaupeleka wimbo kwenye redio ya bodaboda, kisha kwenye sabufa ya muuza CD, kisha kwenye simu ya kitochi ya mama yake. Ngoma ikipotea popote kati ya hapo, anarudi kukaa. Kila kazi anaihifadhi mara mbili: kwenye kompyuta, na kwenye flashi anayoiacha nyumba nyingine.

Huyo hajajiita mkombozi. Lakini kwaya ile sasa inarekodi kwake, na safari hii ngoma inasikika mpaka barabarani.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu hela ya mavuno, achana na taa zake. Muulize maswali matatu: hedifoni zake zina waya? Programu kalipia au ni ya bure halali? Nakala ya pili ya kazi yako itakaa wapi? Akikasirika, umeshapata jibu. Beba debe lako la mahindi urudi nyumbani.

Haya, uwanja wa komenti ni wenu. Mkombozi naye anakaribishwa, ila avue kwanza zile za shingoni ndipo atatusikia.