Kukabidhi Mkufu, Kukabidhi Kazi

Kitenzi “kukabidhi” kina tabia ya ajabu katika Kiswahili. Anayekabidhi kitu hukitoa mikononi mwake na kukitia mikononi mwa mwingine. Hata hivyo, nomino “kabidhi” humrejelea bahili, yule ambaye wazungumzaji husema ana mkono wa birika. Tena nchini Tanzania kuna Kabidhi Wasii Mkuu, afisa wa serikali ambaye miongoni mwa majukumu yake ni kusimamia mirathi. Shina moja, basi, limebeba kutoa, kushikilia na kutunza kwa niaba ya mwingine. Wanaisimu watakumbusha kwamba neno hili lina asili ya Kiarabu, na kwamba huko maana yake ya msingi ni kushika.

Maana hizo tatu hukutana kila mwaka, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, katika kumbi za Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Addis Ababa, klabu za kujitolea za Rotary zinapobadilisha uongozi. Rais wa klabu anayeondoka huvua mkufu wa cheo na kumvisha anayeingia. Kengele ya mikutano hupata mgongaji mpya, picha hupigwa, na mwaka wa huduma huanza. Makala haya yanauliza swali moja: mkufu unapokabidhiwa, ni nini hasa kinachokabidhiwa pamoja nao?

Ikumbukwe kwamba kupokezana kumo ndani ya jina lenyewe la shirika hili. Wakili Paul Harris alipoanzisha klabu ya kwanza mjini Chicago tarehe 23 Februari 1905, wanachama walikutana kwa zamu katika ofisi zao, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kutokana na mzunguko huo wakaipa klabu jina la Rotary. Klabu ya Nairobi iliundwa mwaka 1930. Klabu zote huwekwa katika wilaya, na hapa msomaji asihadaike na neno: wilaya ya Rotary si eneo la mkuu wa wilaya anayefahamika katika utawala. Yaweza kuenea nchi kadhaa. Kwa miaka mingi Wilaya 9200 ilijumuisha Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Eritrea. Tarehe 1 Julai 2013 iligawanywa, Uganda na Tanzania zikawa Wilaya 9211, nazo Kenya, Ethiopia, Eritrea na Sudan Kusini zikawa Wilaya 9212.

Kiongozi wa wilaya huitwa gavana. Ni sadfa ya kuvutia kwamba mwaka huohuo wa 2013, mwezi Machi, Wakenya walichagua magavana wao 47 wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, na tangu hapo neno hilo likabadilika ladha masikioni mwa umma. Gavana wa kaunti hukaa miaka 5 na aweza kuomba 5 mingine. Gavana wa Rotary hukaa mwaka 1, halipwi mshahara, na akimaliza huondoka bila kwenda mahakamani. Bunge la Kenya lililazimika kutunga sheria mwaka 2019 ili kuwepo kamati ya kusimamia jinsi gavana wa kaunti anavyoingia ofisini. Katika Rotary, anayeingia hujulikana mapema mno. Huteuliwa takriban miaka 2 hadi 3 kabla ya kushika hatamu, hupanda ngazi ya mteuliwa, kisha ya mteule, na hupelekwa kwenye mkutano wa kimataifa wa mafunzo pamoja na magavana wateule wa dunia nzima. Marais wateule wa klabu nao hupewa semina yao miezi michache kabla ya Julai.

Ngazi hii ina nguvu, na nguvu yake ilionekana siku ilipovunjika. Sam Owori wa klabu ya Kampala alikuwa ameteuliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka wa 2018-19. Angekuwa Mwafrika wa pili kukalia kiti hicho baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria, aliyekiongoza chombo hicho mwaka 2003-04. Owori alifariki tarehe 13 Julai 2017, siku zisizotimu 14 tangu awe rais mteule. Huzuni ilitanda Afrika Mashariki nzima. Lakini kamati ya uteuzi ilikutana tena, Barry Rassin wa Bahamas akachaguliwa, na tarehe 1 Julai 2018 akaingia kazini kama ilivyopangwa. Jambo la namna hiyo lilitokea tena mwaka 2025, pale rais mteule Mário César Martins de Camargo wa Brazil alipojiuzulu majuma machache kabla ya kuanza, na Francesco Arezzo wa Italia akashika nafasi hiyo Julai ilipofika. Kiti hakikukaa kitupu hata siku moja. Katika eneo ambalo Bunge la Uganda liliondoa ukomo wa mihula mwaka 2005, na ukomo wa umri wa rais Desemba 2017, hili si dogo.

Hata hivyo, kujaza kiti na kuendeleza kazi ni mambo mawili, na aghalabu sifa za la kwanza huficha udhaifu wa la pili.

Chukua suala la kaulimbiu. Kwa miaka mingi kila rais wa dunia alikuja na kaulimbiu yake, nembo yake na hata tai ya shingoni yenye rangi zake. Gavana naye akaja na malengo yake, na rais wa klabu na mradi wake. Mwaka 1 ni mfupi. Kiongozi anayejua kwamba Juni itamkuta akisoma hotuba ya kuaga hutafuta jambo linaloweza kuanzishwa na kuzinduliwa kabla ya hotuba hiyo. Kisima huchimbwa na utepe hukatwa. Pampu ikiharibika Septemba, huwa ni “mradi wa mwaka jana”, na maneno hayo mawili ya mwisho yana ubaridi ambao kila aliyewahi kuketi katika kamati anaujua.

Kanuni za Rotary zenyewe zinatambua kwamba kazi haifuati kalenda ya vyeo. Ruzuku kubwa za wakfu wake, zile za miradi ya kuanzia dola 30,000 za Marekani, huhitaji washirika wa pande mbili, wenyeji na wa ng’ambo. Ripoti zisipoletwa kwa wakati, wahusika hukosa sifa ya kuomba ruzuku nyingine. Isitoshe, klabu hutakiwa kutunza stakabadhi za mradi kwa muda usiopungua miaka 5. Hebu msomaji ahesabu. Katika miaka hiyo 5 klabu imepata marais 5, makatibu 5 na waweka hazina 5, ikiwa hakuna aliyerudia. Risiti ya simiti iliyonunuliwa na rais wa kwanza itaulizwa wakati wa rais wa tano, ambaye huenda wakati wa ununuzi hakuwa hata mwanachama. Kama karatasi hizo zilibaki katika buti la gari la mtu fulani, hakuna mkufu utakaozirejesha. Na adhabu humwangukia asiyekuwa na hatia: kijiji kingine chenye shida ya maji, ambacho ombi lake halitasikilizwa kwa sababu ripoti ya kijiji cha kwanza haikuandikwa.

Kuna kazi moja, lakini, ambayo mbadilishano wa kila mwaka haukuizamisha. Mwaka 1985 Rotary ilianzisha kampeni ya PolioPlus dhidi ya ugonjwa wa kupooza. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili, ingawa visa vilivyotokana na virusi vya kutoka nje ya kanda vilionekana Malawi na Msumbiji baadaye. Kati ya tarehe hizo mbili imepita miaka 35, na kila mwaka kiti cha rais kilibadilisha mkaaji. Kampeni haikufa. Kwa nini? Hapana shaka fedha zilikuwapo, na serikali na mashirika mengine makubwa yalishirikiana nayo. Lakini ipo sababu nyingine inayowahusu wapenda vyama: polio haikuwa mradi wa rais yeyote. Hakuna aliyeweza kuizindua upya kwa jina lake, wala kuiacha bila kuulizwa. Kila mmoja aliikuta njiani na kuisukuma kidogo. Kazi isiyo na mwenyewe mmoja ndiyo iliyovumilia wenyewe wengi.

Lipo na la lugha, na hapa wanafunzi wa Kiswahili wana haki ya kusema kwa sauti. Katika kanda hii fomu za ruzuku hujazwa kwa Kiingereza, taarifa za makabidhiano huandikwa kwa Kiingereza, na ripoti husafiri hadi makao makuu kule Evanston, jimbo la Illinois. Marais wa klabu hukabidhiana majalada ambayo kamati ya maji ya kijijini haijawahi kuyasoma. Ilhali mrithi halisi wa kisima si rais ajaye. Ni mama mweka hazina wa kamati ile, anayekusanya shilingi za kila ndoo na kuziandika katika daftari la shule. Yeye hana muhula wa mwaka 1, na Julai haimwondoi. Iwapo jina la fundi, aina ya pampu, kina cha kisima na masharti ya udhamini yangekuwa katika kurasa 2 za Kiswahili mikononi mwake, mradi ungekuwa umekabidhiwa kwa maana kamili ya neno. Wanafunzi wanaosomea tafsiri katika vyuo vikuu vya Kenya hutafuta matini za mazoezi kila muhula, na walimu wao huwapa hotuba za zamani za wanasiasa. Hizi hapa matini zenye mtu anayezingoja.

Kisha ligeuziwe jicho nyumbani. Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo ni klabu za kujitolea, navyo hubadilisha viongozi kila mwaka, tena kwa sababu isiyozuilika: kiongozi huhitimu. Lakini vimeiga ufupi wa muhula bila kuiga ngazi. Uchaguzi hufanywa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mara nyingi mshindi akiwa tayari katika mwaka wake wa mwisho. Hujifunza kazi hadi Januari, huandaa kongamano Machi, huingia chumba cha mtihani, kisha hutoweka pamoja na muhuri wa chama, neno la siri la baruapepe na makala zilizokusanywa kwa ajili ya jarida. Rafu za maktaba zina majarida yenye maandishi “Toleo la Kwanza” jaladani, na pengo pale ambapo la pili lingesimama. Wahariri wa toleo hilo la kwanza huandikiwa sifa katika utangulizi. Wa pili, ambaye angestahili sifa zaidi kwa kuwa angefanya kazi isiyo na uzinduzi, hakuwahi kupatikana.

Upo upinzani wa haki dhidi ya pendekezo la kuwatambua warithi mapema. Itasemwa kwamba anayemjua mrithi wake miezi mingi kabla hushawishika kumchagua yeye mwenyewe, na kwamba chama huweza kugeuka mali ya marafiki wa bweni moja. Hata katika Rotary, ambako mara nyingi kamati ya uteuzi hufanya kazi kabla ya wanachama kupiga kura, wazee waliowahi kuwa magavana wana sauti nzito katika kujua nani afuate, na uzito huo waweza kumfungia nje mtu mwenye fikra ngeni. Wanawake wanalijua hilo: Rotary ilifungua milango yake kwao duniani kote mwaka 1989 tu, tena baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani wa 1987, na rais wa dunia wa kwanza mwanamke, Jennifer Jones wa Kanada, alipatikana mwaka 2022. Ngazi hupandisha kwa utulivu wale ambao tayari wamekubaliwa kuikanyaga.

Dawa ya hilo ni kura ya wanachama wote, si kuchelewesha kura. Uchaguzi wa chama cha chuoni waweza kufanywa Machi, hadharani, kila mwanachama akiwa na haki ya kusimama, na washindi wakaitwa wateule hadi Oktoba. Mhariri wa jarida achaguliwe kutoka mwaka wa pili ili awe na mwaka mzima wa unaibu kabla ya kuketi. Mwenyekiti anayeondoka asalie katika kamati bila kura kwa muhula mmoja, naye alindwe dhidi ya kishawishi cha kuendelea kutawala kwa kunyimwa hiyo kura. Makala yaliyopokelewa, yaliyokataliwa na yanayosubiri yaandikwe katika daftari moja linalokaa idarani, wala si katika tarakilishi ya mtu. Miezi ile ya Machi hadi Oktoba, mwenyekiti mteule atakuwa kando ya aliye kitini, akijifunza ni mpiga chapa gani anayewadai, ni mhadhiri yupi husoma miswada bila kuchoka, na ni nani aliyeahidiwa kwamba shairi lake litatoka katika toleo lijalo.