Daftari la Wiki: Rubani na Manahodha Watatu

Jumamosi

Usiku huu ndio tulioupangia miadi ya kuanza mchezo wa kusimulia, ule ambao watu wachache huketi pamoja, mmoja akieleza mahali na mambo yanayotukia, na waliobaki kila mmoja akinena na kutenda kwa niaba ya mtu mmoja wa hadithini. Na kwa kuwa sisi wanne tumetawanyika Mombasa, Maskati, Leicester na Toronto, baraza yetu ilikuwa iwe ya sauti tupu kwa njia ya intaneti. Hatukuanza. Nilikuwa nimewaandikia wenzangu "saa mbili usiku, saa za Mombasa", na mpwa wangu wa Leicester, aliyezaliwa huko na kulelewa kwa saa za Kiingereza, akafahamu kuwa ni saa mbili baada ya usiku wa manane, akaenda zake matembezini kwa moyo safi. Kosa ni langu, nami nimemwomba radhi.

Anayetaka kuanzisha kundi la namna hii na ashughulike na saa kabla ya kushughulika na vitabu. Saa mbili ya Mombasa ni saa tatu Maskati, na katika majira haya ni saa kumi na mbili jioni Leicester na saa saba mchana Toronto. Lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza watarudisha saa zao nyuma, na Wakanada watafuata Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali Mombasa na Maskati hazibadili, hata itapita wiki moja ambayo hesabu ya mmoja wetu haitalingana na aliyoizoea. Ijumaa tuliikataa kwa sababu saa hiyo dada yangu wa Toronto yumo kazini. Jumamosi nayo ina taabu yake, maana Maskati Jumapili ni siku ya kazi, na binamu yangu huamka alfajiri. Kwa hiyo tumekata shauri kwamba kikao kisizidi saa mbili, hata hadithi ikiwa imefika penye utamu.

Jumatatu

Mchezo huu una nasaba yake. Kabla yake walikuwako Wamarekani waliopanga juu ya meza majeshi ya askari wadogo wa risasi na kupigana vita vya zamani kwa kanuni na vipimo; kisha Dave Arneson, huko Minnesota, akawaachia wenziwe kila mmoja amshike mtu mmoja badala ya jeshi zima, naye pamoja na Gary Gygax wakatengeneza kanuni, ambazo mwaka 1974 zilitolewa Lake Geneva, Wisconsin, katika kisanduku chenye vijitabu vitatu, nakala 1,000 tu kwa mara ya kwanza, kwa jina la Dungeons & Dragons. Michezo mingi ya jinsi hii imezaliwa tangu hapo, lakini mimi naona jambo kubwa lilikwisha kutendeka pale jeshi lilipogeuka mtu. Mwenye askari mia akipoteza kumi huhesabu tisini, akaendelea. Mwenye mtu mmoja hana budi kumjua anaogopa nini.

Jumanne

Mwezi wa Januari mwaka 2023 wenye mchezo huo walizitoa kanuni zake za msingi kwa idhini inayomruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzibadili na kuzitafsiri, maadamu awataje waliozitunga. Idhini hiyo kwetu ni hidaya, kwa sababu dada yangu hataki kucheza kwa lugha anayoitumia kazini. Basi jioni nzima nimekaa na sifa sita ambazo kila mtu wa hadithini hupimwa kwazo, nikaziita Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Hekima na Haiba. Tatu za mwanzo hazikunisumbua. Akili na Hekima zilinisimamisha, maana kanuni zinazitenga kabisa: Akili ni ya aliyesoma na kukumbuka, na Hekima ni ya yule anayetambua, kabla hajaambiwa, kwamba mgeni aliyekaribishwa chakula anaficha jambo. Nilifikiri kuandika Busara, lakini busara kwangu hukaa katika kutenda, na hapa panatajwa jicho na sikio la moyo. Nimeiacha Hekima.

Hesabu ya bahati imenipendeza kuliko nilivyotazamia. Dadu kuu ina nyuso 20, na jambo la ugumu wa wastani limewekewa kima cha chini cha 15. Asiye na ujuzi wa jambo hilo huhitaji mojawapo ya nyuso sita, yaani mafungu 30 katika mia. Aliyejifunza, akaongezewa 5, hufaulu kwa nyuso kumi na moja, yaani 55 katika mia. Juhudi imepewa haki yake, na majaliwa hayakunyang'anywa yake.

Lilibaki jina la yule anayesimulia. Waingereza humwita bwana wa mchezo, na neno bwana sikulipenda, kwa sababu hadithi si mali yake. Mpwa wangu, ambaye hujifunza maneno ya babu zake kwa shauku, akauliza: "Mjomba, kwa nini tusimwite rubani?" Nahodha ndiye anayeamua bandari ya kwendea, rubani ndiye aijuaye miamba. Tumeafikiana: mimi rubani, wao manahodha watatu.

Jumatano

Tulikutana nusu saa, si kwa kucheza bali kwa kuwekeana masharti, na wazoefu wa mchezo huu husisitiza kikao cha namna hii kabla ya hadithi yenyewe. Tuliondoa picha tukabakiza sauti, kwa kuwa picha hula vifurushi. Tulikubaliana pia kwamba anayemaliza kunena anyamaze kidogo kabla mwingine hajashika, maana intaneti huzichanganya sauti mbili zikapotea zote. Kisha nikauliza kama liko jambo ambalo mtu hataki kulikuta hadithini. Binamu yangu akasema hana. Dada yangu akakawia, halafu akaomba mtoto asizame baharini katika hadithi yetu. Hakutaja sababu, wala hapana aliyemwuliza. Nimeliandika ombi lake katika ukurasa wa kwanza wa daftari la mchezo, juu ya majina yetu.

Alhamisi

Ami yangu, baba wa binamu huyo wa Maskati, alinisikia nikitaja dadu, akaniita barazani akaniuliza kwa upole kama mimi na mwanawe tumeingia kamari.

"Hapana dau, Ami," nilimjibu, "wala hapana mshindi na mshinde."

"Basi mwatupa dadu kwa ajili gani?"

Wengi wa rika lake hawaipendi dadu hata isiyo na dau, nami sikuona adabu kubishana. Ningeweza kusema kwamba kwetu nambari huchaguliwa na programu na hapana mkono unaotupa kitu, lakini huko kungekuwa kujificha nyuma ya neno. Badala yake nilimsimulia hadithi niliyoiandaa: jahazi lang'oa nanga Lamu mwezi wa Juni kwenda Unguja, limepakia boriti, na chini ya boriti liko kasha ambalo hapana abiria anayekiri kuwa ni lake. Alisikiliza hadi mwisho, akainuka kwenda kusali.

Ijumaa

Baada ya sala alinishika mkono nje ya msikiti.

"Jahazi lako halitoki," akasema. "Juni ni kusi. Nani ashukaye Unguja kwa kusi?"

Ujanani alikuwa baharia, nami nilikuwa nimeyapanga makabila ya abiria, bei ya boriti na siri ya kasha, nikausahau upepo. Nikamshukuru. Tulirudi pamoja, nikalifungua daftari mbele yake, nikaifuta safari nzima na kuigeuza: jahazi latoka Unguja na karafuu, kusi i nyuma yake, laelekea Lamu. Aliniuliza nani atakuwa nahodha. Nikamwambia ni mwanawe, akiwa na wenzake wawili. Akauliza saa.

"Saa mbili kesho usiku, Ami. Saa zetu."

Akasema atakuja na kiti chake.