Wacheni kutuuzia kinga kwa chupa

Baridi ya Juni ikiingia tu, kuna watu wanafurahi. Ukungu ukishuka kutoka mlimani hadi Manyatta na Runyenjes, manyunyu yakianza kule Nkubu na wazee wakisema gathano imefika, simu yangu inajaa matangazo. Unga wa mlonge. Mwarobaini uliosagwa. Chupa ya maji ya kijani isiyo na lebo, ati "inaongeza kinga mwilini kiasili". Nyingine nimeona inatibu mafua, pumu, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, imebaki tu kulipa fuliza. Na wanaoposti si wazee wa soko. Ni wasee wa rika langu, wana taa ya kurekodia na msimbo wa punguzo.

Sasa mimi leo sipindishi maneno. Hii biashara ya kuongeza kinga ni uongo, na wanaoilipia ni vijana ambao hata doh ya rent ya mwezi huu hawajamaliza.

Tuanze na hilo neno lenyewe, "kuongeza". Kinga si tenki la maji juu ya nyumba, ati likipungua unajaza. Ni seli za aina nyingi, kila moja na kazi yake, na kazi mojawapo ni kujua wakati wa kutulia. Zikizidi ukali zinakupiga wewe mwenyewe. Pumu nyingi ni kinga inayopaniki kwa sababu ya vumbi au chavua. Kuna baridi yabisi ambayo ni kinga inakula viungo vya mwenye mwili. Kwa hivyo mtu akikuambia ana kitu cha kuiongeza mara mbili, muulize anaongeza nini hasa. Seli gani? Amepima wapi? Utaona anavyokublock.

Halafu limau. Manze, limau limesingiziwa mambo mengi. Mwaka wa 2013 watafiti Hemilä na Chalker walikusanya majaribio ya miaka mingi kuhusu vitamini C na mafua. Kwa watu wa kawaida, kuimeza kila siku hakukupunguza idadi ya waliopata mafua. Ilifupisha ugonjwa kidogo tu, kama asilimia 8 kwa watu wazima. Walionufaika kweli ni watu kama wakimbiaji wa marathoni na wanajeshi kwenye baridi kali. Wewe umekaa keja na blanketi ukitazama simu. Na kama ni vitamini C unatafuta, gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, wakati chungwa lina kama 50. Mapera yanaoza chini ya miti huku kwetu, yanaliwa na ndege, halafu mtu anapanda boda kwenda mjini kununua unga wa vitamini kwa mkebe. Si hata hiyo inachekesha kidogo?

Sijasema usinywe dawa yako ya tangawizi, asali na limau. Mimi nainywa. Inapasha koo joto, na asali inatuliza kikohozi kweli, ila mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asipewe asali kabisa, inaweza kumletea sumu ya bakteria. Kinywaji kitamu cha baridi ni kinywaji kitamu cha baridi. Tatizo linaanza pale kinapopewa kazi ya daktari.

Na hapa sasa ndipo nina hasira. Binamu yangu alikaa hosteli Embu mjini mwaka jana na kikohozi. Wiki ya kwanza tukasema ni baridi. Wiki ya tatu alikuwa analowa jasho usiku, suruali zinamteleza kiunoni. Jamaa mmoja anayeuza hizo chupa akamwambia kinga yake "imeshuka", anunue tatu zimalize kozi. Akanunua. Zilipoisha akauziwa zingine tatu. Karibu miezi miwili, wasee, huku analala chumba kimoja na wenzake watatu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Mathe wake alipokuja kumwona ndiye aliyemburuta hospitali, akatema makohozi kwenye kikopo, na majibu yakatoka TB.

Kipimo cha TB kwenye hospitali za serikali Kenya ni bure. Dawa zenyewe ni bure, miezi sita. Zile chupa sita zilikuwa na bei. Na wale wenzake watatu ilibidi nao wapimwe, mmoja wao akiwa katikati ya mitihani. Huyo muuzaji bado anaposti mpaka leo, ana watu wengi kunishinda.

Kwa hivyo mkiniambia "lakini haina madhara, ni majani tu", nawasikia, lakini madhara yako kwa wakati uliopotea. Kikohozi cha wiki mbili hakitaki chupa, kinataka kikopo cha makohozi.

Najua jibu linalokuja. Ati nimekuwa mzungu, nadharau miti shamba ya babu zetu. Hapana. Ule mti wa muiri unaoota kwenye msitu wa Mlima Kenya, magome yake yanatengeneza dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya, na ulivunwa vibaya hadi mwaka wa 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Miti ina nguvu, hiyo sibishani. Lakini shosho wangu akikupa mzizi, anakuuliza kwanza unaumwa wapi, tangu lini, una mimba au huna. Mzizi wa tumbo hakupi kwa kifua. Sijawahi kumsikia akiuza kitu kimoja cha kila mtu, kila msimu, kwa kila ugonjwa. Hiyo si mila yetu. Hiyo ni matangazo ya virutubisho ya Marekani yaliyovalishwa kikoi.

Na tusijifanye hatujaona hii sinema. 2020 kila nyumba ilinuka kitunguu saumu. Aprili mwaka huo rais wa Madagascar, Andry Rajoelina, alizindua kinywaji chake cha Covid-Organics, Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Julai mji mkuu wao, Antananarivo, ulifungwa tena kwa sababu wagonjwa walikuwa wamezidi.

Sasa acha niguse mahali ambapo watu wa kwetu watanitukana. Usingizi. Mwaka wa 2015 watafiti Marekani walichukua watu wazima 164 wenye afya, wakapima usingizi wao kwa wiki moja, halafu wakawawekea virusi vya mafua puani. Waliolala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Mara nne! Hakuna unga wa mlonge unaofika hapo. Na sisi ni nani? Sisi ni Embu ya muguka na Meru ya miraa. Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipopiga muguka marufuku, viongozi wa Embu walisimama kidete, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha hayo marufuku. Sawa. Karo ya watu Mbeere na Igembe inatoka kwenye hayo majani, siwezi kusimama hapa nikaambia mkulima ang'oe. Lakini wewe mtumiaji wa miaka 20, tuongee. Ndani ya hayo majani kuna kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Inakunyima usingizi na inakunyima njaa. Unatafuna hadi saa tisa usiku, hulali, asubuhi hukuli, wiki nzima, halafu Jumamosi unanitumia ujumbe, "buda, ni kitu gani poa ya kuongeza kinga?" Githeri, buda. Na kitanda.

Kitu kingine ni hewa. Panda matatu ya Meru kwenda Nairobi mwezi wa Julai. Kuanzia Nkubu, Chuka, hadi Embu, madirisha yamefungwa kabisa, abiria kumi na wanne, watatu wanakohoa. Ukigusa dirisha, mama mmoja anakuambia baridi itaingia kwa mtoto. Shikamoo mama, lakini baridi bila virusi haikupi mafua, na virusi ndivyo tumevifungia humu ndani na huyo mtoto. Fungua kidogo tu, kiasi cha vidole viwili. Nyumbani ni vibaya zaidi, kwa sababu tunaingiza jiko la makaa chumbani na kuziba kila tundu. Moshi unaharibu kifua. Ile hewa ya kaboni monoksidi yenyewe haina harufu, na kila msimu wa baridi inaua familia Kenya wakiwa wamelala. Hakuna anayeposti kuhusu hilo kwa sababu hakuna kitu cha kuuza. Kufungua dirisha hakuna kamisheni.

Na kama kweli mnataka kitu kinachofundisha kinga, kipo, kinaitwa chanjo. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya nimonia mwaka wa 2011. Kule Kilifi, utafiti uliotoka 2019 ulionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka mitano, maambukizi makali ya zile aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo yalishuka kwa asilimia 92. Hiyo sindano ni ya bure kliniki. Dadangu ana mtoto wa miezi minne, na wiki iliyopita mtu alimwambia achelewe kwanza, ampe mtoto matone ya mwarobaini. Nilimpigia simu saa hiyo hiyo.

Wauzaji, najua mtasoma hapa, wengine mko kwenye listi yangu ya marafiki. Siwaombi mfunge kazi, kila mtu anatafuta. Wekeni lebo. Andikeni ndani kuna mmea gani, kiasi gani, nani hapaswi kunywa, na Bodi ya Dawa na Sumu imewasajili kwa nambari ipi. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, muandike kwamba mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili aende apimwe TB. Mkishafanya hivyo nitanunua chupa ya kwanza mwenyewe, na niiposti bila kulipwa.