Asili Yetu Haikuwahi Kunong'ona

Ipakate ilimba ya Kigogo, uisogeze karibu na macho. Kwenye ubao wake kuna tundu, na juu ya tundu umebandikwa utando mweupe wa buibui, ule anaotagia mayai. Gonga chuma kimoja kwa kidole gumba. Sauti inatoka, na nyuma yake inafuata sauti ya pili, zzzz, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kopo. Chombo si kibovu. Utando umewekwa makusudi ili kikwaruze. Mzee mmoja wa Chamwino niliyekaa naye mchana kutwa alikuwa na ilimba iliyopasuka utando. Akakata kipande cha nailoni, akakibandika, akagonga, akakunja uso, akakibandua, akakata kingine chembamba zaidi. Alirudia mara nne. Sauti safi alikuwa nayo tangu mwanzo, na hakuitaka. Alikuwa anautafuta mkwaruzo wake uliopotea.

Mzee huyo hunijia akilini kila ninaposikia kauli ambayo walinzi wa utamaduni wameigeuza sheria: kwamba muziki wa asili ni ule usioguswa na umeme, na kwamba ukiukutanisha na gitaa linalonguruma, hasa la roki, umeuua. Kauli hii inatolewa kwenye semina na redioni, na inachapwa kwenye fomu za mashindano. Niliwahi kukaa kwenye mashindano ya ngoma za shule, kikundi kimoja kikapanda na marimba iliyofungwa waya kuelekea kwenye amplifaya kuukuu. Ilipolia, ukumbi mzima ulisimama. Akina mama wakapiga vigelegele hadi mwongozaji akakosa pa kuingilia. Majaji wakawakata alama, wakatamka kwa kipaza sauti kwamba hiyo si asili tena.

Nasema kauli hiyo ni ya uongo, na inawaumiza walewale inaodai kuwalinda.

Twende Kinshasa. Mawangu Mingiedi alikuwa dereva wa lori, mtu wa Wazombo wa mpakani mwa Kongo na Angola. Kwao kulikuwa na muziki wa pembe za ndovu, watu kadhaa wakipokezana sauti, kila mmoja na pembe yake. Mingiedi aliuhamishia muziki huo kwenye likembe, kisanduku kidogo chenye vyuma, ndugu wa ilimba. Lakini Kinshasa ya miaka ya 1960 haikuwa kijiji. Kulikuwa na malori, baa zilizofungulia redio hadi mwisho, na bendi za rumba zenye magitaa ya umeme kila kona. Ukikaa kando ya barabara na likembe yako, anayekusikia ni wewe na goti lako.

Alichofanya dereva huyo wa lori ni ufundi wa gereji. Yeye na wenzake walichukua sumaku za vipuri vya magari mabovu, wakazizungushia waya wa shaba, wakajitengenezea maiki za kunasa mtikisiko wa vyuma. Sauti wakaitoa kwenye spika za mdomo mpana, zile za kutangazia zilizoachwa na ukoloni wa Wabelgiji, ambazo Kinshasa huitwa lance-voix. Mabati na vipuri vikawa ngoma, na filimbi ikapulizwa juu yake. Kikundi kikaitwa Konono No. 1. Vyombo vile duni havikuweza kubeba sauti bila kuikwaruza, kwa hiyo likembe ikaanza kunguruma kama gitaa la roki.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie. Mingiedi na wenzake hawakushtuka na ngurumo ile wala hawakuitafutia dawa. Waliipiga hivyo kwa miongo. Na kwa nini washtuke? Likembe nyingi huvishwa vipete vya waya kwenye vyuma vyake ili vitetemeke. Sikio lao lilikuwa limelelewa na mkwaruzo tangu utotoni. Umeme haukuwaletea sauti ngeni, uliikuza sauti waliyokuwa nayo. Huko Marekani, kifaa cha kukwaruzisha gitaa kiliingia madukani mwaka 1962, kikauzwa kama uvumbuzi. Utando wa buibui ulikuwa umeshabandikwa kwenye vyombo vyetu kabla gitaa la umeme lenyewe halijazaliwa.

Mwaka 1978 Mfaransa mmoja aliwarekodi Konono kwa ajili ya redio ya kwao. Rekodi ile ilimfikia mwanamuziki wa Brussels, Vincent Kenis, ikamkaa kichwani. Aliwatafuta kwa miaka mingi hadi akawapata Kinshasa wakiwa bado wanapiga. Waliokuwa tayari kuwapokea Ulaya hawakuwa wakubwa wa biashara ya muziki. Walikuwa watu wa andagraundi. The Ex, bendi ya panki ya Amsterdam, kupitia lebo ndogo ya Terp, ilitoa rekodi ya Konono wakiwa jukwaani Uholanzi. Kisha Crammed Discs, lebo huru iliyoanzishwa Brussels mwaka 1980 na mwanamuziki Marc Hollander, ikatoa albamu ya Congotronics mwishoni mwa 2004. Kenis hakuipaka rangi rekodi ile. Hakuleta mpiga gitaa wa kuilainisha wala hakuusafisha mkwaruzo. Vijana wa roki wa Ulaya na Marekani walipoisikia wangeweza kudhani ni wenzao, waliokulia kwenye magitaa yaleyale. Kumbe walikuwa wanawasikiliza wazee wa likembe.

Sasa niambieni, hapo nani amemmeza nani? Mwaka 2010 lebo hiyohiyo ilitoa mkusanyiko ambao ndani yake wapiga roki na watu wa elektroniki zaidi ya 20 walijaribu kuzijibu nyimbo za Wakongo, kila mmoja kwa namna yake. Mwaka uliofuata walipandishwa jukwaani pamoja: Konono, Kasai Allstars ambao wenyewe ni muungano wa wapigaji wa makabila matano ya Kasai, Deerhoof wa Marekani, Juana Molina wa Argentina na wengine, jumla yao kama 20. Mazoezini wapiga roki walikuwa na swali moja wasilochoka kuliuliza: moja iko wapi? Yaani duru hii ya mdundo inaanzia wapi, nihesabu kutoka wapi? Kwao kila wimbo una mlango wa mbele. Nyimbo za Kikongo zina milango kila upande, na mwenyeji huingia kwa ule anaoujua. Rekodi za safari ile zilipotoka mwaka 2022, albamu ilipewa jina la swali hilo. Tunaotishwa kila siku kwamba roki itaufuta muziki wetu tufikirie picha hiyo: wanamuziki wazoefu, wenye albamu zao, wanamwuliza mpiga likembe waanze kuhesabu wapi.

Na sisi wa huku tusijifanye kwamba asili yetu ilifungiwa kabatini. Taarab tunayoiita asilia ilipata vyombo na mafunzo kutoka Cairo, Sultan Barghash wa Zanzibar alipompeleka mtu huko kujifunza. Mwimbaji wa taarab, Siti binti Saad, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya kigeni, na hadi leo hakuna anayethubutu kusema Siti hakuwa wetu.

Benga ndiyo inayonigusa zaidi. Mtazame mpiga nyatiti, kinubi cha nyuzi nane cha Wajaluo: ameketi chini, kidole gumba cha mguu kimevaa pete nzito ya chuma, na kila mdundo anaigonga kwenye chombo, ka, ka, ka, huku njuga zikilia mguuni. Anafanya kazi ya bendi nzima peke yake. Wapiga gitaa wa Nyanza walizihamishia nyuzi hizo nane kwenye gitaa la umeme, na hapo benga ikapata mwendo wake. Ndiyo maana mwaka 2004, Wamarekani wawili wa bendi ya roki, Ian Eagleson na Alex Minoff, walipokaa Nairobi na mpiga benga Otieno Jagwasi na wenzake kurekodi kama Extra Golden, mkutano ule haukuwa wa ajabu kiasi hicho. Gitaa lilikuwa limeshakuwa nyatiti siku nyingi. Otieno alifariki mwaka 2005, na mwaka 2006 lebo huru ya Chicago, Thrill Jockey, ikaitoa albamu ile. Mimi huisikiliza bado, na magitaa yanapoanza kukimbizana siwezi kuonyesha ilipo mipaka ya Nairobi na Marekani.

Najua jibu nitakalopewa, na lina uzito: wizi. Wazungu wanakuja, wanachukua, wanatajirika. Sitalipuuza, kwa sababu lina historia. Ila tuisome historia hiyo hadi mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wafaransa walirekodi wapiga ngoma wa Burundi. Rekodi ilikuwa safi kwa kipimo cha mlinzi yeyote wa utamaduni: watu, ngozi, magogo, bila gitaa wala ala ya umeme. Mwaka 1971 produsa wa Ufaransa akapachika vinanda na magitaa juu yake, akaiuza kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell akaiweka rekodi ile ya awali chini ya wimbo wake, The Jungle Line. Miaka michache baadaye bendi za London zikaunyakua mdundo ule zikaingia nao kwenye chati. Wapiga ngoma hawakuwa studio hata mara moja. Walitajwa kwa jina la nchi yao tu, kana kwamba ngoma zile zilipigwa na mlima.

Usafi haukuwalinda. Uliwafanya wawe rahisi kuchukuliwa, kwa sababu asili isiyo na jina la mtu haina wa kumdai mtu. Akina Mingiedi walipanda jukwaani na mikono yao ikiwa juu ya vyombo vyao wenyewe, jina lao likiwa kwenye jalada, na aliyetaka sauti ile alilazimika kumkatia tiketi ya ndege mwenye sauti. Anayeuogopa wizi na aulize nani kaandikwa mtunzi kwenye mkataba, mrabaha unagawanywaje, na rekodi mama iko mikononi mwa nani. Maswali hayo ni magumu, na wanamuziki wetu wengi hawana wa kuwasaidia kuyauliza. Badala ya kuwasaidia, tunahangaika kuwanyang'anya nyaya.

Baada ya mashindano yale ya shule nilizunguka nyuma ya ukumbi. Mvulana aliyepiga marimba alikuwa amechuchumaa, anafungua waya taratibu asivunje kitu. Maiki yake aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Mbele ya marimba alikuwa amepigilia vizibo vya soda vilivyobonyezwa, sita au saba, vicheze kila chuma kinapogongwa. Aliniuliza kama mwaka ujao, akiutoa waya lakini akaviacha vizibo, atapewa alama zake. Nikamwambia atapewa, kwa sababu mbele ya majaji walewale vikundi vingine vitatu vilikuwa na vizibo na hakuna aliyekatwa hata alama moja. Akavipangusa kwa kiganja. Maandishi ya kiwanda yalikuwa bado yanasomeka.